Sifuri Kwanza

Mchopa, kaa. Kigoda hicho hakina mguu mmoja, egemea ukuta.
Toa kalamu yako mfukoni.
Miaka ishirini na miwili nimepima korosho
ghalani hapa Newala, gunia kwa gunia,
na jambo moja nalijua kuliko ukoo wangu:
mizani isiyoanza sifuri
humwibia mtu mchana kweupe.

Na hii ni mizani.
Kabla ya dozi, zungusha mbili,
sindano itazame dari, gonga kwa kucha
hewa ipande, kisha bonyeza.
Ukiona tone, twende. Usipoona, rudia.
Usilionee uchungu tone hilo: ni ushuru, si hasara.

Mimi nilibana.
Sindano moja niliichomea siku tano,
nikamtambia Somoe nimeokoa hela ya kitoweo.
Siku ya sita nilizungusha kumi na nne,
nikabonyeza, namba ikagoma kwenye sita.
Nikaitukana kalamu, nikawatukana walioitengeneza,
kumbe tundu limeziba,
na ile sita ni deni: mwili ulipokea nane tu.
Ningebadili sindano, nijaribu tone, nilipe sita, yaishe.
Badala yake nililala na hasira,
usiku nikamaliza ndoo nzima ya maji,
na wewe unajua maji yanavyopatikana huku juu.

Deni husomwa dirishani, Mchopa, si kwa sikio.
Umeme ulipokatika nilikuwa nahesabu tik, tik, tik gizani,
mpaka nesi Mwajabu akaniuliza,
"Na gunia nalo unalipima kwa sikio?"
Nikakosa jibu. Sasa nawasha tochi ya simu.

Ukishachoma usichomoe kwa pupa.
Hesabu hadi kumi, taratibu,
kama kibarua anayelipwa kwa siku.
Ukiharakisha, dawa inachuruzika juu ya ngozi,
na ngozi haina kisukari.

Na tumbo ni shamba pana, usilime tuta moja.
Hapa kwangu, gusa. Paliota nundu kama bibo bichi
kwa sababu palikuwa hapaumi, nikapazoea.
Dawa ikiingia hapo hutoka siku inayotaka.

Kalamu za akiba zipo kwenye jokofu la Shaibu dukani,
rafu ya chini, mbali na barafu.
Iliyoganda, hata ikiyeyuka, tupa.
Hii ninayotumia inalala kwenye chungu ndani ya chungu,
katikati mchanga uliolowa, kazi ya Somoe.
Tarehe ya kuifungua nimeibandika kwa plasta: wiki nne, basi.
Msimu wa juzi niliifunga juu ya tangi la pikipiki
kutoka Kitangari, jua la saa nane.
Wiki nzima nilijichoma maji ya moto.

Shemeji Dadi aliniomba ya kwangu.
"Tubadilishe sindano tu, ugonjwa si mmoja?"
Nilimnyima. Damu hurudi ndani ya kalamu
bila kupiga hodi. Alininunia hadi mnada wa tatu.

Ukitetemeka na jasho likawa la baridi,
usianze kufikiri. Sukari kwanza, au bibo kama ni msimu,
mawazo baadaye.
Siku nyingine bibo uliogope.
Uraka? Uraka tutauongelea kesho,
Somoe anasikiliza dirishani.

Sindano iliyotumika iende kwenye lile kopo la rangi,
lina kifuniko. Watoto wanaokota korosho pekupeku.

Haya, pandisha shati. Tumbo langu usilicheke, lako linakuja.
Zungusha mbili. Juu. Bonyeza.
Hamna?
Rudia. Mkono unatetemeka, najua,
wangu ulitetemeka hadi nesi akaushika.
Bonyeza.

Hilo hapo. Umeliona?
Dogo kuliko jicho la sisimizi,
limeng'ang'ania ncha, halitaki kudondoka.
Sasa tupime.